Mauzo ya kazi za sanaa kwa ajili ya makumbusho: kipi kiuzwe, kipi kibaki Pemba

Katika nyumba nyingi za Pemba, jamvi la kuanikia karafuu hukunjwa na kuwekwa kando msimu unapomalizika. Hakuna anayeliita kazi ya sanaa. Hata hivyo, mikono ile ile iliyolisuka jamvi hilo ikipunguza upana wa ukili, ikatia rangi na kupanga nakshi, hutoa mkeka au msala ambao mgeni huulipia fedha nzuri na kuondoka nao. Katika nyumba hiyo hiyo huenda pia pana kopo lenye sarafu ndogo nyeusi iliyookotwa ufukweni na watoto, au kigae chenye maua ya buluu kilichoibuka shambani wakati wa kulima muhogo.

Msala na sarafu hiyo vikiwekwa kwenye meza moja ya mauzo, mnunuzi asiyefahamu ataviona vyote kuwa bidhaa. Mbele ya sheria na mbele ya maadili ya kazi ya makumbusho, hivyo ni vitu viwili visivyofanana kabisa. Cha kwanza kikiuzwa, msusi hupata riziki na makumbusho yanaweza kupata mchango. Cha pili kikiuzwa, kisiwa hupoteza ushahidi ambao hauwezi kusukwa upya.

Tofauti hiyo inastahili kueleweka mapema na kila jamii inayofikiria kuchangia makumbusho kwa kuuza kazi za sanaa, iwe ni kwa ajili ya Makumbusho ya Pemba yaliyopo katika ngome ya Chake Chake, au kwa ajili ya chumba cha makumbusho cha kufundishia katika chuo kikuu. Njia hiyo ya kukusanya fedha ni nzuri na inafaa mazingira ya Pemba. Inahitaji tu kupangwa kwa namna ambayo haitayadhuru makumbusho yenyewe.

Hazina isiyo na bei sokoni

Pemba, yenye wakazi 543,441 kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makaazi ya mwaka 2022, ni miongoni mwa sehemu za pwani ya Afrika Mashariki zilizochunguzwa sana na wanaakiolojia. Ras Mkumbuu, pamoja na magofu ya msikiti wake na makaburi yenye nguzo, huhusishwa na wataalamu wengi na mji wa Qanbalu uliotajwa na msafiri Al-Masudi katika karne ya 10. Pujini pana mabaki ya ngome ya karne ya 15, ambayo simulizi za wenyeji zinaihusisha na mtawala Mkama Ndume. Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, palipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa ndogo za fedha zenye majina ya watawala wenyeji, pamoja na dinari chache za dhahabu zilizotoka mbali.

Sarafu huvutia macho, na ni rahisi kumshawishi mtu kwamba zina thamani. Ni vigumu zaidi kueleza thamani ya punje ya mchele iliyoungua.

Katika uchunguzi uliofanywa Tumbe na Chwaka, Kaskazini Pemba, mwanzoni mwa miaka ya 2000, udongo uliochimbwa ulichekechwa kwa maji ili kupata masalia ya chakula. Punje zilizoungua moto mamia ya miaka iliyopita ndizo zilizosalia, kwa sababu punje isiyoungua huoza. Kwa kuzilinganisha punje hizo, watafiti waliona kwamba wakaazi wa kale wa Tumbe, kati ya karne ya 7 na ya 10, walitegemea zaidi uwele, na kwamba mchele ulishika nafasi kubwa baadaye, katika mji wa Chwaka ulioanza karne ya 11. Kwa maneno mengine, historia ya wali wa Pemba, ambao leo ndio chakula cha heshima katika kila arusi na kila sikukuu, imo ndani ya vipakiti vidogo vya makaa yasiyovutia. Hakuna mnada duniani ambako punje hizo zingepata mnunuzi. Zikipotea, hakuna kitabu kitakachozirudisha.

Tumbe pia palipatikana vigae vingi sana vyenye mifereji, vilivyotumika kusugulia shanga zilizotengenezwa kwa magamba ya viumbe wa baharini. Kigae kimoja cha namna hiyo hakisemi neno. Vikiwa vingi, vikijulikana kila kimoja kimetoka nyumba ipi na tabaka lipi la udongo, vinaonesha kuwa kazi ya mikono ilifanywa nyumba kwa nyumba, na kwamba ufundi wa kuuza ng'ambo si jambo lililoletwa na watalii.

Hii ndiyo kazi ya makumbusho ambayo mgeni anayepita haioni. Nyuma ya makabati ya maonesho kuna ghala, na ndani ya ghala kuna maboksi, vibandiko, namba na daftari. Kitu kikitenganishwa na namba yake, thamani yake ya kielimu hushuka ghafla, hata kama chenyewe hakikuvunjika.

Fedha zinakwenda wapi

Ngome ya Chake Chake inaaminika kuwa ni ya karne ya 18, na sehemu yake ilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 20 kupisha ujenzi wa hospitali. Sehemu iliyobaki ndiyo yenye makumbusho. Jengo la mawe na chokaa la aina hiyo lina uzuri wake, lakini lina madai yake pia. Kuta hunyonya unyevu. Hewa ya bahari hubeba chumvi. Chuma hupata kutu, fedha huwa nyeusi, karatasi hujikunja na kuota ukungu, na mbao huvamiwa na mchwa.

Matunzo ya vitu hivyo hayahitaji mambo makubwa. Yanahitaji rafu za chuma zilizopakwa rangi, maboksi yasiyo na tindikali, mashine ya kupunguza unyevu, umeme wa uhakika, kamera ya kupigia picha kila kitu kilichosajiliwa, na mtu mwenye mafunzo ambaye kazi yake ni kuvikagua. Gharama hizo ni ndogo ukizilinganisha na ujenzi, ila hazina mwisho. Kabati hununuliwa mara moja. Mafundi wa umeme, dawa ya mchwa na karatasi za kufungia hununuliwa kila mwaka. Wafadhili wengi hupenda kulipia jengo linalofunguliwa kwa sherehe, na si wengi wanaopenda kulipia dawa ya mchwa.

Zanzibar inafahamu vyema matokeo ya matengenezo yanapochelewa. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib katika Mji Mkongwe iliporomoka wakati ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo hilo ndilo lililokuwa na makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili. Ukarabati wa jengo la ukubwa huo ni kazi ya Serikali na washirika wake, na hakuna mauzo ya mikeka yatakayoweza kuugharimia. Lakini boksi, kibandiko na rafu vipo ndani ya uwezo wa shehia moja.

Kwa nini chuo kikuu

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 2001, kina kampasi Pemba katika eneo la Mchangamdogo, yenye jina la Rais wa Awamu ya Tatu, marehemu Benjamin William Mkapa. Kuwapo kwa kampasi hiyo kunaleta swali la kawaida katika vyuo vikuu vingi: je, mwanafunzi anayesoma historia, lugha, utalii au mazingira anapaswa kuviona vitu vya kisiwa chake katika picha tu?

Makumbusho ya chuo kikuu ni tofauti kidogo na makumbusho ya taifa. Kazi yake ya kwanza ni kufundishia. Vitu vyake vinaweza kuwa vichache na vya kawaida: vigae vya kulinganisha, zana za uvuvi, mimea iliyokaushwa, mifano ya ukili wa kila namna, picha za majengo. Mwanafunzi hufunzwa kushika, kupima, kuchora na kusajili. Utaratibu huo ni wa zamani. Makumbusho ya Ashmolean ya Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, yalifunguliwa mwaka 1683.

Afrika Mashariki ina mfano wake, na ni mfano wa kutia moyo. Makumbusho ya Uganda yalianza mwaka 1908 katika jengo dogo la ngome ya Lugard, Old Kampala. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 yalihamishiwa Makerere, yakakaa pamoja na skuli ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell, mwalimu ambaye alikuwa pia mtunzaji wa makumbusho hayo. Wanafunzi wa uchoraji na uchongaji walifanya kazi karibu na ngoma, mitumbwi na vyungu vya wazee wao. Baadaye fedha zilichangishwa kwa ajili ya makao ya kudumu, na mwaka 1954 makumbusho yakahamia kilima cha Kitante ambako yapo hadi leo. Sanaa mpya na urithi wa kale viliwahi kukaa chini ya paa moja bila ya kimoja kukimeza chengine.

Kuhusu usimamizi, mwananchi anapaswa kutambua jambo moja ambalo huchanganya wengi. Elimu ya juu ni suala la Muungano, na vyuo vikuu vya pande zote mbili husimamiwa kitaaluma na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Mambo ya kale si suala la Muungano. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatumika Tanzania Bara; Zanzibar ina sheria yake ya kuhifadhi kumbukumbu za kale, yenye chimbuko katika mwaka 1948 na kufanyiwa marekebisho baadaye, na taasisi yake ya makumbusho na mambo ya kale chini ya wizara ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar yenye dhamana hiyo. Kwa hivyo chuo kikuu chochote kinachotaka kuhifadhi vitu vya kale vya Pemba hakiwezi kujiamulia peke yake. Huvipokea kwa makubaliano na taasisi hiyo.

Meza ya mauzo

Kwa upande wa bidhaa, Pemba haina upungufu. Mikeka, misala, makawa, vipepeo na mikoba ya ukindu na miyaa hutengenezwa karibu kila shehia. Ukili husukwa kwanza ukawa mrefu, kisha hushonwa pamoja, na kazi ya msala mmoja mzuri huweza kuchukua wiki kadhaa kwa mwanamke anayeifanya baada ya shughuli nyengine za nyumbani. Kofia za kushona kwa mkono, zenye vitundu na nakshi za uzi, huhitaji muda mrefu zaidi. Wapo wafinyanzi, wachongaji wa milango na makasha, mafundi wa vyombo vya baharini wanaotengeneza mifano midogo ya ngalawa na mashua, na vijana wanaochora, baadhi yao kwa mtindo wa Tingatinga ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972.

Suala la kwanza katika kuandaa mauzo ni bei na mgawanyo. Mara nyingi waandaaji humwomba msanii atoe kazi yake bure kwa kuwa ni kwa ajili ya jambo la kheri. Msanii mwenye uwezo anaweza kukubali. Kwa msusi anayetegemea ukili kununulia madaftari ya watoto, ombi hilo ni mzigo, na akikubali kwa haya mara ya kwanza, mara ya pili hatokuja. Utaratibu wa haki ni kugawana. Chukuliwe mfano wa msala uliouzwa kwa shilingi 100,000, huku makubaliano yakiwa msusi apate asilimia 60, makumbusho 30, na 10 zibaki kwa gharama za turubai, usafiri na matangazo. Msusi atapokea shilingi 60,000, makumbusho 30,000. Makubaliano hayo yaandikwe kabla ya siku ya mauzo, na kila kazi iwe na kibandiko chenye jina la aliyeitengeneza, shehia anayotoka, na bei. Mnunuzi anayesoma jina la mtu kwenye kazi hujadili bei kwa adabu zaidi kuliko anayeona rundo.

Suala la pili ni namna ya kuuza. Bei isiyobadilika inafaa kwa kazi nyingi za bei ya chini. Mnada wa hadhara huongeza shauku, lakini unafaa kwa kazi chache kubwa, kama vile mlango uliochongwa au mchoro mkubwa, na unahitaji bei ya kuanzia ambayo msanii ameikubali. Bila ya bei hiyo, kazi ya miezi mitatu inaweza kuondoka kwa thamani ya mbao zake. Njia ya tatu, ya kuandika bei kwenye karatasi na kuitia ndani ya bahasha, haina shamrashamra, ila inawafaa wanunuzi wanaoona haya kushindana hadharani, na Pemba wapo wengi.

Wakati nao una uzito wake. Fedha huonekana zaidi mikononi mwa watu katika msimu wa karafuu, lakini huo ndio wakati ambao wachumaji, wachambuzi na waanikaji hawana nafasi, na masika hufanya uwanja wa wazi usitegemewe. Wiki zinazofuata baada ya mavuno kumalizika, au siku za karibu na sikukuu ambapo Wapemba wanaoishi Unguja, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Ghuba hurejea kuzuru jamaa, huwa na wanunuzi wa kutosha. Wale wasioweza kuja wanaweza kununua kwa picha na kulipa kwa simu, mradi malipo yaingie katika akaunti ya taasisi na si katika namba ya simu ya mtu binafsi.

Hapo ndipo penye kuharibikiwa zaidi. Makumbusho ya umma na chuo kikuu cha umma ni taasisi za Serikali. Fedha wanazopokea ni fedha za umma, hutolewa stakabadhi, huingizwa katika hesabu, na hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kamati ya wananchi inayofanya mauzo kwa niaba yao inapaswa kuwa na barua ya ridhaa kutoka taasisi husika, kueleza tangu mwanzo fedha zitanunua nini, na kutangaza baada ya mauzo kilichopatikana na kilichotumika. Tangazo la ukurasa mmoja lililobandikwa ofisi ya sheha linatosha. Aliyenunua mkoba wa ukili kwa nia ya kusaidia ana haki ya kujua kwamba rafu imenunuliwa.

Jambo jengine ambalo wachoraji na wachongaji huulizia ni haki ya kunakili. Kwa kanuni ya kawaida ya hakimiliki, anayenunua mchoro ananunua mchoro, hanunui haki ya kuuchapisha kwenye fulana, kadi au kalenda. Haki hiyo hubaki kwa aliyeubuni isipokuwa ameitoa kwa maandishi. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na msanii mwenye shaka anaweza kupata maelekezo kutoka COSOZA. Makumbusho yakitaka kutengeneza kadi kutokana na mchoro yaliopewa, nayo yanapaswa kuomba.

Kisichouzwa

Yote hayo yanahusu kazi mpya. Kwa vitu vya kale, kanuni ni fupi: havipandi mezani.

Dunia ina mifano ya yaliyotokea pale kanuni hiyo ilipovunjwa. Mwaka 2014 Makumbusho ya Northampton, Uingereza, yaliuza sanamu ya kale ya Misri ya Sekhemka kwa pauni milioni 15.76. Fedha zilipatikana, lakini makumbusho hayo yaliondolewa ithibati ya kitaifa, na kwa hivyo yakakosa sifa ya kuomba ruzuku ambazo hutolewa kwa makumbusho yenye ithibati. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Brandeis kilitangaza Januari 2009 kuwa kitayafunga makumbusho yake ya sanaa ya Rose na kuuza mkusanyiko wake ili kuziba pengo la bajeti. Wafadhili waliokuwa wametoa michango kwa ajili ya makumbusho walikwenda mahakamani. Shauri likamalizwa mwaka 2011 kwa makubaliano, na kazi hizo hazikuuzwa. Maadili ya Baraza la Kimataifa la Makumbusho yanaeleza wazi kwamba mkusanyiko si mtaji wa kuendeshea ofisi, na kwamba kitu kikiondolewa kwa sababu halali, fedha zake hurudi kwenye mkusanyiko wenyewe.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa pwani ya Kenya. Wamijikenda huchonga vigango, nguzo za mbao zinazosimamishwa kwa kumbukumbu ya wazee waliofariki. Kuanzia miongo ya mwisho ya karne iliyopita, vigango vingi viliibwa kwenye makaya na mashamba, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa vinyago, na kuishia katika nyumba za watu na makumbusho ya Marekani kama kazi za sanaa. Viwili kati yake, vilivyotoka kwa familia moja, viligunduliwa katika taasisi mbili za huko, kimoja kikiwa katika makumbusho ya chuo kikuu cha Hampton, na vikarejeshwa katika miaka ya 2000. Makumbusho ya Denver yaliamua mwaka 2014 kurejesha vigango 30. Vilifika Kenya mwaka 2019. Miaka mitano ilipita kati ya kukubali kutoa na mizigo kuwasili. Kuiba huchukua usiku mmoja.

Tanzania iliridhia mwaka 1977 mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unaozuia uingizaji, utoaji nje na uhamishaji haramu wa mali za kitamaduni. Maana yake kwa mwananchi wa Micheweni au Mkoani ni kwamba kitu cha kale kilichochimbuliwa au kuokotwa katika eneo la kihistoria si mali ya kumuuzia mgeni, na mgeni anayekibeba mfukoni hadi uwanja wa ndege anajiingiza katika hatari.

Zipo hata hivyo sehemu ambazo mpaka hauonekani wazi, na hapo busara inahitajika. Kasha la bibi lenye misumari ya shaba si kitu cha kuchimbuliwa. Ni mali ya familia. Lakini mara nyingi ni mali ya warithi wote, hata kama limekaa chumbani kwa mmoja. Mtoto mmoja akilitoa kwenye mnada kwa moyo mkunjufu, ndugu zake wa Wete na wa Muscat wanaweza kuhoji, na watakuwa na hoja. Waandaaji wasipokee kitu cha namna hiyo bila ya ridhaa ya warithi, ikiwezekana kwa maandishi. Mara nyingi suluhisho bora ni familia kuyaazima makumbusho kasha hilo kwa muda maalumu, likasajiliwa kwa jina lao, badala ya kuliuza.

Msahafu wa mkono na vitabu vya zamani vilivyomo misikitini na vyuoni vina hukumu nyengine kabisa. Kilichowekwa wakfu hakiuzwi wala hakigaiwi na msimamizi wake, hata akiwa na nia njema, na masuala yake hupelekwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kinachoweza kufanyika ni kukipiga picha kurasa zote, kwa ridhaa, ili chuo kikuu kipate nakala ya kusomeshea na asili ibaki ilipo. Milango ya kuchonga ya nyumba zinazobomoka nayo iulizwe kabla ya kung'olewa.

Anayeokota sarafu, shanga au kigae anaombwa asiendelee kuchimba mahali hapo. Taarifa itolewe kwa sheha, naye aifikishe ofisi ya makumbusho na mambo ya kale iliyopo Chake Chake. Sarafu isisuguliwe kwa ndimu, majivu wala mchanga, kwani weusi ulioishika ndio mara nyingi unaokinga maandishi yaliyobaki juu yake. Ifungwe katika karatasi kavu, na juu ya karatasi hiyo yaandikwe, siku hiyo hiyo, jina la mahali, umbali wake kutoka msikiti au mti unaojulikana, kina chake ardhini, na vitu vyengine vilivyoonekana karibu yake.